Yogati gani kwa anayepunguza uzito? Tazama sukari kabla ya mafuta

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina miaka 38 na kilo 84. Tangu Januari nimeacha kula usiku. Badala ya chakula nakunywa chupa moja ya yogati ya stroberi, ile ya nusu lita, kwa sababu niliambiwa yogati inayeyusha mafuta ya tumbo. Kilo hazishuki, na ikifika saa nne usiku njaa inanisumbua mpaka naamka kutafuta cha kutafuna. Kwenye chupa wameandika kwa kila gramu 100: kalori 94, protini 2.8, mafuta 2.5, wanga 15, sukari 13. Rafiki yangu wa kazini anasema nitafute isiyo na mafuta kabisa, au ya Kigiriki, ila hiyo ya Kigiriki bei yake supamaketi imenishinda. Mama mkwe wangu yuko Chamwino, kila akija mjini ananiletea mtindi wa ng'ombe wake kwenye kidumu, lakini naogopa mafuta yake. Nichague ipi? Na mwanangu wa mwisho, ana mwaka mmoja na nusu, naye ameizoea hiyo ya stroberi. Nimpe au nisimpe?

JIBU: Marahaba, dada. Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawalifanyi: umeninakilia namba za kwenye chupa. Bila hizo ningekuwa nabahatisha. Tuanze nazo, maana sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Nusu lita ya yogati ni kama gramu 500, kwa hiyo kila namba uliyoandika izidishe mara tano. Kalori zinafika 470. Protini gramu 14. Mafuta gramu 12 na nusu. Sukari gramu 65. Sukari yote hiyo haikumiminwa kiwandani, kwani maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi, kiasi cha gramu 5 hivi kwa kila gramu 100. Ukitoa 5 kwenye 13, inabaki 8, na hiyo 8 ndiyo iliyoongezwa. Mara tano ni gramu 40. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 za sukari. Maana yake kila jioni, kwenye kitu unachokinywa ili upungue, unaweka tumboni vijiko kumi vya sukari.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 25, yaani vijiko sita. Chupa yako imevuka kiwango hicho kabla hatujahesabu chai ya asubuhi.

Kwa hiyo kilo kutoshuka si uzembe wako. Umejinyima chakula cha usiku kwa miezi, jambo gumu kweli kweli, na chupa imekurudishia kalori karibu zote ulizojinyima. Tena imekurudishia kwa namna isiyoshibisha. Kitu cha kunywa hupita tumboni upesi kuliko chakula cha kutafuna, na sukari nyingi isiyo na nyuzinyuzi haikai na mtu usiku kucha. Saa nne njaa inakuamsha, unatafuna, na hicho unachotafuna kinaongezeka juu ya zile 470.

Hili la kuyeyusha mafuta ya tumbo nataka nilijibu wazi, kwa sababu nalisikia kila wiki. Hakuna yogati inayoyeyusha mafuta, ya tumbo wala ya mahali pengine. Yogati ni maziwa yaliyogandishwa na bakteria wawili wanaofanya kazi pamoja, *Lactobacillus bulgaricus* na *Streptococcus thermophilus*. Bakteria hao hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi, asidi inagandisha protini ya maziwa, nasi tunapata ule uzito na uchachu. Ni kazi nzuri, na inawasaidia watu wengi wanaojaa gesi wakinywa maziwa matamu, kwa sababu sehemu ya laktosi imeshaliwa na bakteria wenyewe huendelea kusaidia kuisaga wakiwa tumboni. Lakini kazi yao inaishia huko. Mafuta ya mwilini hupungua pale mwili unapotumia nishati kuliko unayoingiza, siku baada ya siku, na mwili ndio unaoamua utoe mafuta ya wapi kwanza.

Huenda aliyekuambia alisikia juu ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliofuatilia Wamarekani 120,877 kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba waliozidisha ulaji wa yogati waliongezeka uzito mdogo kuliko ule wa wenzao. Tofauti yenyewe ilikuwa pungufu ya nusu kilo kwa kila miaka minne. Tena uchunguzi wa aina hiyo unatazama tu watu wanavyoishi. Anayekula yogati kila siku mara nyingi ndiye huyo huyo anayetembea, anayekula mboga na asiyekunywa soda, na ni vigumu kutenganisha kipi kilimsaidia. Mimi naupenda uchunguzi ule kwa kitu kimoja: unaonyesha kwamba yogati haina ubaya kwa anayetunza uzito. Dawa ya kupunguza uzito siwezi kuiita.

Sasa hofu yako ya mafuta.

Yogati ya maziwa ya kawaida, isiyopunguzwa chochote na isiyoongezwa sukari, ina kalori kama 61 kwa gramu 100, mafuta gramu 3.3, protini 3.5. Ile iliyoondolewa mafuta kabisa, nayo bila sukari, ina kalori kama 56. Tofauti ni kalori 5! Watu hushangaa, lakini sababu ipo: viwandani wakitoa mafuta kwa kawaida huongeza unga wa maziwa ili yogati isiwe nyepesi kama maji, kwa hiyo laktosi na protini hupanda kidogo. Linganisha na chupa yako yenye kalori 94 kwa kipimo kile kile. Mafuta yake ni 2.5, pungufu kuliko yogati ya kawaida, na bado kalori zake ni mara moja na nusu. Kinachokuongezea ni sukari, dada, wakati wewe umekuwa ukikimbia mafuta.

Hata lile neno la Kiingereza "low fat", yaani mafuta kidogo, linaloandikwa kwa herufi kubwa halina uzito unaodhaniwa. Kwa miongozo ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula ambavyo nchi nyingi huvifuata, chakula kigumu kinaweza kuitwa hivyo kikiwa na mafuta yasiyozidi gramu 3 kwa gramu 100. Yogati ya maziwa yote ina 3.3. Imekosa sifa hiyo kwa theluthi moja ya gramu. Na nyingi zinazojisifu kukosa mafuta huwa zimeongezwa sukari, wanga wa kukolezea au jelatini ili ulimi usione pengo. Rafiki yako ana nia njema, ila ushauri wake unakupeleka upande usiokuwa na tatizo.

Ukisimama mbele ya friji la duka, geuza kikombe. Sura ya mbele yenye picha ya matunda na mwanamke mwembamba isikushughulishe. Tafuta jedwali dogo, safu ya gramu 100, si safu ya "kipimo kimoja", kwa sababu kipimo kimoja kila kiwanda hujipangia chake. Angalia sukari. Ikiwa 4 hadi 6, hiyo ni sukari ya maziwa peke yake, chukua. Ikiwa 7 au 8, wameongeza kidogo, unaweza kuila mara moja moja. Ikipita 10, ihesabu kuwa kitu kitamu kama keki, ya siku ya sherehe. Kisha angalia protini: isipungue 3, na 3.5 ni nzuri zaidi. Mwisho soma viambato. Yogati ya kweli inahitaji maziwa na bakteria, basi. Unga wa maziwa si kosa. Sukari ikitajwa ya pili baada ya maziwa, rudisha kikombe, kwa sababu viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi.

Nasisitiza kugeuza kikombe kwa sababu maneno ya mbele hupotosha hata huko kwenye sheria kali za lebo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walikagua yogati 921 za supamaketi na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Kwa za asili na za Kigiriki, kipimo cha katikati cha sukari kilikuwa gramu 5 kwa kila gramu 100. Zile zilizoitwa za kilimo hai, ambazo mnunuzi angezidhania bora kuliko zote, zilikuwa na 13.1, karibu sawa kabisa na chupa yako ya stroberi.

Utakutana pia na zinazoandikwa hazina sukari lakini ni tamu sana. Hizo zina vitamu mbadala kama sukralosi. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa manufaa yake ya muda mrefu hayakuonekana. Ukinywa moja ukweni hutadhurika. Sitaki tu uijengee mazoea, kwa sababu ulimi wako unahitaji kuzoea uchachu. Wiki mbili tatu za kwanza mtindi mtupu utauona mkali. Baadaye ya stroberi ndiyo utakayoiona imezidi.

Na kabla sijaondoka dukani: hapa kwetu joto na umeme wa kukatika ni sehemu ya hesabu. Bonyeza kifuniko. Kikiwa kimevimba kama ngoma, gesi imejaa ndani, hamira au vijidudu vingine vimeingia, usinunue hata kama tarehe haijafika. Yogati nunua mwisho, ukiwa unatoka, si mwanzo kisha uzunguke nayo sokoni Majengo kwa saa mbili ukitafuta nyanya. Zile zinazokaa rafuni nje ya friji kwa miezi zimepashwa joto baada ya kugandishwa, bakteria wake wamekufa. Protini na kalsiamu bado zimo, ila usizilipie bei ya juu kwa ajili ya bakteria hai.

Tuje kwenye ya Kigiriki, iliyokushinda bei. Hiyo ni yogati iliyochujwa maji, hakuna siri nyingine. Isiyo na mafuta huwa na protini kama gramu 10 kwa gramu 100, karibu mara tatu ya yogati ya kawaida, na ndiyo maana wanaopunguza uzito wanaitafuta: protini hukaa na mtu, na humsaidia asipoteze misuli wakati kilo zinashuka. Kwa hilo rafiki yako yuko sahihi. Lakini unaweza kuipata jikoni kwako kwa bei ya lita moja ya maziwa na kipande cha kitambaa.

Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yafoke kweli, si kuyapasha tu. Yaache yapoe hadi uweze kutumbukiza kidole kisafi na kuhesabu taratibu hadi kumi bila kukitoa. Hapo joto liko kwenye nyuzi 43 hadi 45 hivi, na bakteria wa yogati ndipo wanapopapenda. Yakiwa ya moto zaidi utawaua, yakiwa baridi watalala. Chukua vijiko vitatu vya mezani vya yogati tupu, isiyo na sukari wala ladha, vikoroge na maziwa kidogo kwenye kikombe mpaka viwe laini, kisha changanya na maziwa yote. Funika sufuria, ivishe blanketi, iache saa sita hadi nane bila kuisogeza. Mwezi Juni na Julai, usiku wa Dodoma unapokuwa wa baridi, itachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo iweke mapema mchana. Ikiganda itie kwenye friji.

Hiyo tayari ni yogati. Ukitaka ya Kigiriki, tandika kitambaa cheupe cha pamba, kilichofuliwa na kuchemshwa, juu ya chujio, weka bakuli chini, mimina yogati na urudishe vyote kwenye friji. Baada ya saa nne au tano utaona bakuli limejaa maji ya kijanikijani, na juu ya kitambaa kimebaki kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko. Lita moja itakupa kama nusu lita, na protini kwa gramu 100 itakuwa imepanda karibu mara mbili. Maji yale usiyamwage. Yana kalsiamu na protini kidogo, yapikie uji wa mtama au uyakandie unga.

Sasa mtindi wa mama mkwe. Hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwa sababu naona watu wa mjini wanauacha mtindi wa nyumbani kwa ajili ya chupa ya rangi ya waridi, na inaniuma.

Kilishe, mtindi ule ni ndugu wa karibu wa yogati. Bakteria wake ni wa aina nyingi zaidi na hufanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba, ndiyo maana uchachu wake hubadilika kidumu hadi kidumu. Lakini protini ni ya maziwa yale yale, na sukari iliyoongezwa ni sifuri. Kuhusu mafuta una hoja, ila si kubwa kama unavyofikiri. Maziwa ya ng'ombe wetu wa kienyeji ni mazito kuliko ya ng'ombe wa kisasa. Mafuta yake mara nyingi hukaribia au hupita gramu 5 kwa gramu 100, wakati ya ng'ombe wa kisasa ni 3 na nusu hivi. Kwa kikombe cha mililita 250 tofauti hiyo ni kalori kama 35 au 40. Ukitaka kuipunguza, acha mtindi utulie, engua ile malai inayopanda juu na uitumie kupikia mlenda badala ya mafuta ya kununua. Na kama mama husuka maziwa kutengeneza samli, mwombe akuletee yale yanayobaki baada ya kusuka. Hayo yametolewa sehemu kubwa ya mafuta, na protini yote imebaki.

Linalonitia hofu mimi ni jingine kabisa: je, maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Vijidudu vya brusela, vinavyofanya ng'ombe watupe mimba, hupita kwenye maziwa mabichi na kumwingia binadamu. Uchachu wa mtindi hauviui kwa uhakika. Mgonjwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na kiuno kuuma, na mara nyingi hutibiwa malaria au taifodi wiki kadhaa kabla mtu hajafikiria maziwa. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita njia hiyo. Ng'ombe anaweza kuonekana mnene na mwenye afya na bado akawa navyo. Mtindi ukishaganda huwezi tena kuuchemsha, utakatika ubaki mabonge na maji, kwa hiyo kinga ni kuchemsha maziwa kwanza, kuyapoza, ndipo kuweka kianzio: vijiko vichache vya mtindi salama au yogati tupu ya dukani.

Mweleze mama kwa heshima, asione unakidharau chakula cha nyumbani kwake. Wengi wa umri wake wamekunywa maziwa mabichi maisha yao yote, na neno baya linaweza kukunyima mtindi na amani ya nyumba. Mwambie una mtoto mdogo, daktari anataka maziwa yachemshwe. Au mwombe akuletee maziwa mabichi asubuhi ileile yanapokamuliwa, uyachemshe na kuyagandisha mwenyewe. Kidumu nacho kibadilishe. Shingo yake nyembamba, mkono hauingii, na utando wa maziwa ya juzi hubaki kwenye kona usikoufikia. Ndoo ndogo yenye mfuniko, inayosuguliwa mpaka chini na kusuuzwa kwa maji ya moto, ni salama zaidi.

Kwa hiyo uchaguzi wangu kwako, kwa mpangilio: kwanza mtindi wa Chamwino wa maziwa yaliyochemshwa. Pili, ule unaougandisha mwenyewe. Tatu, mtindi au yogati tupu ya kiwandani yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na sukari isiyozidi 6. Ya stroberi iondoe kwenye orodha ya kila siku. Ya Kigiriki ya supamaketi inunue ukipenda, ila hujakosa kitu usipoinunua.

Lakini hata mtindi mzuri kuliko wote sitaki uwe chakula chako cha usiku peke yake. Kikombe kimoja cha mililita 250 kina protini gramu 8 au 9, wakati mlo wa mtu mzima anayepunguza uzito unapaswa kuwa na 20 au zaidi ili umshikilie. Rudi mezani, dada. Ugali wa uwele au mtama wa ukubwa wa ngumi yako, mlenda au mchicha wa kujaza nusu ya sahani, vijiko vinne vitano vya maharage au kiganja cha dagaa, na kikombe cha mtindi pembeni. Hesabu yake inafika kalori 500 na kidogo, si mbali na ile chupa yako, lakini hapo una nyuzinyuzi, una protini ya kutosha na umetafuna. Saa nne utakuwa umelala. Kula saa moja au saa mbili, pamoja na watoto, usingoje uzidiwe.

Kalori za kupunguza tutazitafuta kwingine: kile ulichokuwa unatafuna usiku wa manane, sukari ya chai, mafuta yanayomiminwa kwa macho badala ya kijiko, na maandazi ya saa nne asubuhi ofisini. Hapo kwenye maandazi ndipo mtindi unafanya kazi yake nzuri kuliko popote. Andazi moja la kawaida hubeba kalori 200 au zaidi na halikufikishi mchana. Kikombe cha mtindi uliotoka nao nyumbani kwenye chupa yenye barafu kina kama 150 na kinakufikisha. Hayo yakikaa sawa, tarajia nusu kilo kwa wiki, wakati mwingine pungufu. Ukishusha kilo 4 tu kati ya 84, karibu asilimia 5, presha na sukari ya damu kwa walio nazo huanza kupata nafuu, hata kama nguo bado hazijalegea sana.

Mtindi mtupu ukikushinda, tia kitu cha hapa hapa. Zabibu za Dodoma kumi hadi kumi na tano, ukizipasua katikati, huleta utamu wote unaouhitaji kwa kalori kama 50. Kijiko cha unga wa ubuyu huupa mtindi ladha nzuri na nyuzinyuzi, nasema unga mtupu wa ubuyu, sio ule ubuyu wa rangi nyekundu unaouzwa kwenye vifuko, umejaa sukari. Embe au papai vipande vichache. Karanga zilizokaangwa bila mafuta, kijiko kimoja cha mezani, zina kalori kama 60. Kijiko ni kimoja, si kiganja. Asali ya Manyoni au Kondoa ni nzuri na naijua bei yake, ila mwilini huhesabiwa na sukari nyingine: kijiko cha mezani kina gramu 17 za sukari. Kijiko cha chai kimoja, kwa siku chache za wiki, kinatosha.

Kama una kisukari na unatumia dawa, au unanyonyesha huyo mdogo, usikate chakula kwa nguvu kabla hujaonana na mhudumu wa afya. Nenda na lebo zako kama ulivyonitumia mimi.

Huyo mtoto, sasa. Ya stroberi usimpe. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vyakula vyenye sukari nyingi, na mwaka mmoja na nusu bado yuko humo. Wala usimwekee mpango wako wa kupungua. Malai unayoiengua kwenye kikombe chako mbakizie yeye kwenye chake, kwani chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ya maziwa kwa ajili ya kukua na ubongo. Mpe mtindi wa maziwa yote, yaliyochemshwa, robo kikombe hadi nusu, uliopondewa ndizi mbivu. Siku za mwanzo ataukataa na kuitafuta chupa, kwa hiyo chupa isiwepo nyumbani kabisa. Mpe tena kesho yake, na keshokutwa, bila kumlazimisha. Asali usimpe kwa kumbembeleza. Kwa umri wake haina hatari tena kama ilivyo kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, lakini itamrudisha kwenye utamu ule ule unaotaka auache.